Vitabu Visivyo na Majalada

Mtu akisikia kwamba tulifanya kazi katika duka la vitabu huko Marekani, mara nyingi husema, "Mlikuwa na bahati. Mlikuwa mnasoma bure siku nzima!" Sisi hucheka. Katika miaka minne tuliyofanya kazi humo, hakuna hata mmoja wetu aliyemaliza kitabu akiwa zamuni. Tulivibeba vitabu, tulivipanga, tulivifuta vumbi, tulivitafuta, tuliviuza na, kama tutakavyoeleza, tulivichana pia. Kuvisoma ilikuwa kazi ya wateja.

Tulikuwa akina mama watatu, wawili kutoka Tanzania na mmoja kutoka Kenya, tukiishi na waume na watoto wetu katika mji mmoja karibu na Dallas, jimbo la Texas. Tulifahamiana kanisani. Wa kwanza alipopata kazi katika duka hilo aliwavuta wengine wawili, kama akina mama wafanyavyo. Duka letu lilikuwa moja kati ya mengi ya kampuni moja kubwa. Jina lake hatutalitaja, kwa kuwa mema na mabaya tutakayosimulia yangeweza kutokea katika duka lolote la namna hiyo.

Tumeandika habari hii kwa ajili yenu akina mama wenzetu, kwa sababu wengi wenu mna binti au mdogo wenu anayefanya kazi ya dukani, mbali au karibu, na huenda hamjui siku yake inapitaje. Pia tuna jambo moja la kuungama.

Duka lenyewe

Duka la vitabu tulilolizoea nyumbani ni chumba chenye kaunta, na nyuma ya kaunta mna rafu. Unamwambia mwuzaji kitabu unachotaka, naye anakuletea. Kule mambo ni tofauti. Duka ni kubwa kama ukumbi wa kanisa la mjini, na mteja huzunguka mwenyewe apendavyo. Maduka ya namna hiyo huwa na makumi ya maelfu ya vitabu tofauti, na yaliyo makubwa zaidi hupita 100,000. Mna viti vya kukalia, mna mkahawa wa kahawa na keki, na mna pembe ya watoto yenye zulia na viti vidogo.

Maduka hayo yalienea sana Marekani katika miaka ya 1990. Kampuni mbili zilizojulikana zaidi zilikuwa Barnes & Noble na Borders. Ya pili ilianzishwa na ndugu wawili mwaka 1971 katika mji wa Ann Arbor, jimbo la Michigan. Mwaka 1995 Amazon ilianza kuuza vitabu kwa njia ya kompyuta, na taratibu watu wengi wakazoea kuagiza wakiwa nyumbani. Mwaka 2011 Borders ilifilisika. Ilipotangaza kwamba inafunga ilikuwa imebakiwa na maduka 399 na wafanyakazi wapatao 10,700. Nyuma ya hesabu hiyo kulikuwa na akina mama wengi kama sisi, waliorudi nyumbani na kuanza kuhesabu pesa ya kodi ya nyumba.

Jambo moja lilitushangaza tulipoanza kazi. Tulidhani vitabu vilivyo kwenye meza ya mbele, karibu na mlango, vimewekwa pale kwa sababu ni bora kuliko vingine. Baadaye tukajua kwamba katika biashara hii ilikuwa kawaida wachapishaji kulipia nafasi ile, kama vile mfanyabiashara anavyolipia meza nzuri sokoni. Tangu siku hiyo, tukiingia duka lo lote, hutazama kwanza rafu za nyuma.

Kutwa kwa miguu

Zamu ya asubuhi ilianza saa moja kabla ya mlango kufunguliwa. Kazi ya kwanza ilikuwa kuokota. Wateja wa jana yake waliacha vitabu kila mahali: juu ya viti, kwenye meza za mkahawa, chooni, na zaidi ya kote kwenye zulia la watoto. Vingine vilifichwa. Mtu asiye na pesa leo huchukua kitabu anachokitaka na kukisukuma nyuma ya vitabu vya upishi, akitumaini kukikuta siku ya mshahara. Tulikuwa tukivikuta na kuvirudisha mahali pake, ingawa mioyo yetu ilituuma.

Kisha yalikuja maboksi. Boksi la vitabu ni zito kuliko linavyoonekana, na kwa siku moja tuliweza kufungua arobaini. Kila kitabu kina namba yake, ambayo tangu mwaka 2007 ni ya tarakimu 13, na kwa namba hiyo kompyuta hukuambia kinakaa rafu gani. Vitabu vipya vingi hutolewa siku ya Jumanne, kwa hiyo Jumatatu usiku ndiyo tuliyoiogopa. Tuliondoa meza nzima ya vitabu vya zamani na kupanga vipya hadi usiku wa manane. Asubuhi yake watoto walitaka uji na soksi safi kama kawaida.

Mshahara haukuwa mkubwa. Kiwango cha chini cha serikali kuu ya Marekani tangu mwaka 2009 ni dola 7.25 kwa saa, na sisi tulilipwa juu yake kidogo tu. Wengi wetu hatukupewa wiki nzima ya kazi, bali saa ishirini au ishirini na tano, na kwa saa hizo katika duka letu hapakuwa na bima ya matibabu. Ratiba ilibandikwa ukutani, na wiki hii haikufanana na ile. Mama aliyekuwa na mtoto mchanga alilazimika kutafuta mlezi upya kila Ijumaa.

Kulikuwa pia na kadi ya uanachama. Mteja alilipa ada kila mwaka, naye akapunguziwa bei. Kila mfanyakazi wa kaunta alitakiwa kuuza kadi kadhaa kwa juma, na majina yetu pamoja na hesabu zetu yalibandikwa katika chumba cha kupumzikia. Sasa anakuja bibi kizee anayenunua kitabu kimoja kwa mwaka, zawadi ya mjukuu. Kadi hiyo haitamfaa kitu. Je, umsifie kadi ili jina lako lipande ukutani? Wengine walifanya hivyo. Sisi tulimwambia ukweli, na majina yetu yakakaa chini. Tulijiona watu waaminifu sana. Tunalitaja jambo hili kwa sababu ya yale yatakayofuata.

Wanaouliza kwa kunong'ona

Wateja wengine walituchekesha. "Nataka kile kitabu cha bluu. Kilikuwa hapa mwezi uliopita." Mwandishi hamjui, jina la kitabu hamkumbuki, ila ni cha bluu. Basi tukazunguka naye, tukauliza kinahusu nini, na mara nyingi tulikipata. Kilikuwa chekundu.

Lakini wako walioacha alama mioyoni mwetu. Hao walikuja taratibu, wakatazama huku na huku, kisha wakauliza kwa kunong'ona. Mwanamume mmoja alitaka kitabu kinachoeleza namna ya kutoka katika madeni. Msichana alitaka kitabu juu ya ugonjwa ambao mama yake alikuwa ameambiwa anao wiki ile. Mama mmoja alitaka kitabu cha picha cha kumwelezea mtoto wa miaka minne kwamba baba hatarudi kutoka hospitali.

Tulijifunza mambo mawili. La kwanza, usilirudie jina la kitabu kwa sauti. Mfanyakazi mpya aliwahi kumpigia kelele mwenzake upande wa pili, "Vitabu vya talaka viko wapi?", na mama aliyeuliza akatoka nje bila kununua kitu. La pili, usimwelekeze mtu kwa kidole. Mpeleke hadi kwenye rafu, mpe kitabu mkononi, kisha mwache peke yake. Hatukuruhusiwa kuhubiri, wala hatukuhubiri. Lakini kutembea na mtu hatua thelathini hadi kwenye rafu anayoiogopa nayo ni huduma.

Desemba na siku ya Bwana

Kwetu duka la vitabu hujaa mwezi Januari, wazazi wakija na orodha za shule. Kule hujaa Novemba na Desemba, kwa ajili ya zawadi za Krismasi. Foleni ilifika hadi mlangoni, na likizo hakupewa mtu.

Duka lilifunguliwa siku zote saba. Hapo ndipo ndoa zetu zilipopata mitihani. Mume anakwenda kanisani na watoto watatu, mmoja hana kiatu cha kushoto, na mama yuko kazini anauza kalenda. Mungu alitufungulia mlango kwa njia ambayo hatukuitazamia. Katika zamu yetu alikuwamo dada mmoja wa Kifilipino, Msabato, ambaye Jumamosi hakutaka kufanya kazi kabisa. Tukapatana naye: sisi tulichukua Jumamosi zake, naye akachukua Jumapili zetu. Meneja alikubali, isipokuwa mwezi wa Desemba. Hivyo kila mmoja alilinda siku ya ibada ya mwenzake, na hatukubishana hata mara moja ni siku ipi.

Vitabu visivyo na majalada

Sasa tufike kwenye lile tulilosema tutaungama.

Biashara ya vitabu Marekani ina desturi iliyoanza miaka ya 1930, wakati uchumi ulipoanguka vibaya. Ili wenye maduka wasiogope kuagiza, wachapishaji walikubali kwamba kitabu kisichouzwa kinaweza kurudishwa, na duka likarudishiwa fedha zake. Desturi hiyo imedumu. Vitabu vikubwa hurudishwa vizima ndani ya maboksi. Lakini vile vidogo, vya karatasi nyepesi na bei nafuu, gharama ya kuvisafirisha ingezidi faida yake. Kwa hiyo duka huchana jalada la mbele na kulipeleka majalada tu kwa mchapishaji, kuwa ushahidi kwamba kitabu hakikuuzwa. Kitabu chenyewe hutupwa kikasagwe na kutengenezwa karatasi nyingine.

Kazi hiyo tulipewa sisi. Orodha ilikuja kutoka makao makuu, tukatoa vitabu kwenye rafu, tukakaa stoo kwenye maboksi yaliyopinduliwa, tukaanza kuchana. Siku nyingine vilifika mia mbili au mia tatu. Hadithi za mapenzi, hadithi za wapelelezi na, ndiyo, hadithi za watoto.

Mama mwenzetu, wewe uliyelelewa Afrika Mashariki utatuelewa. Sisi tulisoma shuleni watoto wanne au watano kwa kitabu kimoja. Kila mwanzo wa muhula tulikaa sakafuni na baba tukijalidi vitabu na madaftari kwa gazeti la zamani, ili majalada yasichakae. Kitabu kikianguka chini tulikiokota na kukipangusa. Leo tumekaa Texas tunachana majalada ya vitabu vipya ambavyo hakuna aliyewahi kuvifungua, kisha tunavirusha katika pipa nyuma ya duka. Siku ya kwanza mmoja wetu alilia.

Kuchukua vitabu hivyo kulikatazwa kabisa. Tuliambiwa siku ya kwanza, na tuliweka sahihi. Lakini mmoja wetu alikuwa na binti wa miaka minane aliyependa kusoma kuliko kula, na nyumbani kwao vitabu vyote pamoja havikujaza kiti kimoja. Akachukua vitatu. Akaviweka chini ya mkebe wake wa chakula cha mchana, akavifunika kwa sweta, akatoka. Hatutasema alikuwa yupi kati yetu.

Swali la mtoto

Binti yule alisoma kila neno, hata yale maandishi madogo ya ukurasa wa mwanzo ambayo watu wazima huyaruka. Wiki tatu baadaye alikuja jikoni, mama yake akisonga ugali.

"Mama, hapa wanasema kitabu kisicho na jalada ni mali ya wizi. Hiki chetu jalada lake liko wapi?"

"Liliraruka," mama akajibu, bila kugeuka.

Mtoto akaridhika, akarudi kusoma. Mama hakuridhika. Alikuwa ameiba vitu ambavyo vingetupwa, jambo ambalo aliweza kujitetea nalo. Sasa alikuwa amemdanganya mwanawe, na kwa hilo hakuwa na utetezi.

Siku ya maombi ya akina mama alitueleza wawili tuliobaki. Hatukumkemea. Kulikuwa na kimya kirefu, kisha mwingine kati yetu akasema kwamba yeye pia anacho kimoja, chini ya kitanda. Watu walioona fahari kwa kumwambia bibi kizee ukweli wa kadi walikuwa na vitabu vya wizi nyumbani. Tulikumbuka mafundisho ya Bwana Yesu juu ya uaminifu katika mambo madogo, Luka 16:10. Tulikuwa tumeyasikia mara nyingi, ila hatukufikiri yanahusu pipa la karatasi.

Tulikubaliana kwenda kwa meneja sote watatu, wawili wenye kosa na mmoja wa kuwasindikiza. Waume walipoambiwa hawakufurahi. Mmoja alisema, "Mama watoto, vitabu vimeshatupwa, nani anavitafuta? Kodi ya nyumba ni tarehe moja." Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa baba anayepiga hesabu. Lakini usiku ule alikaa kitandani muda mrefu, kisha akasema, "Nenda. Tutaona."

Meneja alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyofungwa kamba shingoni. Alifunga mlango wa ofisi na kusikiliza hadi mwisho. Akasema kanuni iko wazi, kwamba kwa kosa hili watu hufukuzwa, na kwamba ni lazima aripoti. Tukamwuliza kwa nini vitabu hivyo visipelekwe kwa watoto wasio navyo. Akasema hata yeye alipoanza kazi aliuliza hivyohivyo. Kisha akaeleza: duka limerudishiwa fedha kwa kusema kwamba kitabu kimeharibiwa, na mwandishi hapati chochote. Kitabu kikiendelea kusomwa au kuuzwa mitaani, duka limesema uongo na mwandishi amenyimwa haki yake. Tulielewa. Kuelewa hakukuondoa uchungu wa lile pipa, na mpaka leo tunaona ingepatikana njia bora, lakini uchungu wetu haukutupa ruhusa.

Tulingoja siku tisa. Wale wawili walipewa onyo la maandishi, na mwaka ule hawakupata nyongeza ya mshahara. Hawakufukuzwa. Meneja alisema, "Kama ningewakamata mlangoni, leo tusingekuwa tunazungumza."

Kwa mama mwenye binti jambo gumu zaidi lilikuwa nyumbani. Alimketisha mtoto, akamwambia, "Siku ile ulipouliza jalada, mama alikudanganya. Halikuraruka. Mama alichukua kitabu bila ruhusa." Mtoto alimtazama, kisha akauliza swali la mtoto: "Sasa hadithi sitaimaliza?" Alikuwa amebakiza sura mbili.

Hapo ndipo mwenzetu wa tatu aliposema, "Kwani hamjui maktaba ya mji?" Tulikuwa tumekaa Texas zaidi ya mwaka, na wawili kati yetu hatukujua kwamba mkazi wa mji huazima vitabu bila malipo. Jumamosi iliyofuata binti alipata kadi yenye jina lake. Kitabu kilekile kilikuwapo rafuni, na jalada lake. Aliketi chini palepale akamaliza zile sura mbili.

Tuliyojifunza

Kwanza, mama, ukiwa na mtoto anayefanya kazi ya dukani, usimwulize mshahara tu. Mwulize zamu zake, miguu yake, siku yake ya ibada, na ni kitu gani kinachomjaribu kazini. Kila kazi ina pipa lake nyuma ya duka.

Pili, ukimdanganya mtoto, rudi umwambie. Tulidhani heshima ya mama ingeanguka. Haikuanguka. Binti yule alipovunja sahani miezi michache baadaye alikuja mwenyewe kusema.

Tatu, itafute maktaba. Tanzania kuna maktaba za mikoa chini ya Bodi ya Huduma za Maktaba, na Kenya nako kuna maktaba za umma katika miji mingi. Kama hakuna iliyo karibu, akina mama watano wa jumuiya moja wakinunua kila mmoja kitabu kimoja cha watoto na kubadilishana, kila nyumba imesoma vitano. Vijalidini kwa gazeti, vitadumu.

Mwisho, ukiingia dukani na kumkuta binti amesimama kwenye kaunta, msalimie kabla ya kumwuliza bei. Huenda amesimama tangu alfajiri.